Maji ya Kwanza Niliyamwaga

Kwa miaka mingi nilisaini kwamba maji ya shule moja ya msingi hayana madini ya risasi kupita kikomo, na sikuwa na haki ya kusaini hivyo. Hakuna aliyenihonga, wala hakuna bosi aliyenibana. Mashine ya maabara haikuharibika, na namba iliyotoka kwenye mashine niliinakili kama ilivyo. Kosa lilifanyika mkononi mwangu kabla chupa haijafungwa, na nililirudia kwa unadhifu wa mtu anayejivunia kazi yake.

Mimi ni fundi sanifu wa ubora wa maji katika mji ambao sitautaja. Mtaani wanatuita bwana maji. Nabeba deli la barafu, chupa, pamba, spiriti na kiberiti, nazunguka kwenye vioski, zahanati, shule na nyumba za watu, nachukua sampuli. Za vijidudu tunazipima wenyewe. Za metali nzito, yaani risasi, aseniki, kadimiamu na zebaki, tunazituma mji mkubwa kwa basi kwa sababu mashine yake hatuna. Kuna kondakta mmoja aliyekuwa akinitoza nauli ya mzigo wa samaki, na sikuwahi kumshawishi kwamba ndani ya deli mna maji matupu.

Chuoni tulifundishwa hivi. Unafuta koki kwa pamba yenye spiriti, unaipitishia moto ili kuua vijidudu vilivyojishikiza nje. Kisha unafungulia maji yatiririke dakika mbili tatu, mpaka uyahisi yamekuwa ya baridi. Ndipo unakinga chupa, bila kugusa mdomo wake kwa kidole. Ni utaratibu mzuri sana, na sina ugomvi nao. Ukitafuta vijidudu vya kinyesi unataka kujua hali ya maji yaliyo kwenye bomba kuu, si uchafu wa mkono wa mtoto aliyeishika koki dakika tano zilizopita. Basi nikishajaza chupa ya vijidudu, nilikuwa nachukua chupa ya pili, ya metali, naijaza palepale. Safari moja, koki moja, chupa mbili. Niliona nimeokoa muda na mafuta ya pikipiki.

Lakini risasi kwa kawaida haitoki mtoni wala kisimani. Hutoka njiani, tena mara nyingi mwisho kabisa wa njia: kwenye mabomba ya risasi kule ambako bado yapo, kwenye risasi iliyochomelewa viungoni, na kwenye koki zenyewe. Ile koki nzito ya rangi ya dhahabu iliyopauka ni shaba iliyochanganywa na zinki, na watengenezaji wengi huongeza risasi kidogo humo ili metali ikerezeke kwa urahisi. Maji yakilala ndani yake usiku kucha, hasa yakiwa na tindikali kidogo, huitafuna taratibu. Asubuhi, anayefungulia kwanza ndiye anayekunywa kilichotafunwa. Ukiyaacha yatiririke dakika mbili, yaliyolala yameshakwenda mferejini, na yanayofuata yamepita kwenye koki sekunde chache tu. Kupima risasi kwa maji hayo ni kumsubiri mwizi aondoke ndipo uanze kupekua nyumba.

Nami ndivyo nilivyofanya, mwaka baada ya mwaka. Na kuna jingine ambalo naona aibu zaidi kulisema, kwa kuwa hili nililijua. Sampuli ya metali hutiwa tindikali ya nitriki mpaka pH yake ishuke chini ya 2, la sivyo sehemu ya metali hunasa kwenye kuta za chupa na mashine haiioni. Stoo yetu ilikuwa ikiishiwa tindikali. Ikiisha, tulituma chupa hivyohivyo. Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku cha kuweka alama kwamba sampuli imetiwa tindikali. Nilikiweka alama.

Najiuliza kwa nini haikunisumbua. Nadhani ni kwa sababu sumu niliitafuta kwenye moshi. Tulipozungumza habari za risasi ofisini, tulizungumza Owino Uhuru, Mombasa, na kile kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichodhuru watu wa mtaa mzima. Tukitaja zebaki, mawazo yalikwenda kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Geita. Shule yangu haikuwa na mgodi wala kiwanda jirani. Ilikuwa na mwembe, uwanja wa mpira, tangi juu ya mnara wa zege, na mstari wa koki mpya zinazong'aa ambazo wafadhili walikuwa wamezifunga. Niliziona koki hizo nikazisifu. Sikujua wakati huo kwamba koki mpya ndiyo hutoa risasi kwa wingi zaidi, kabla haijajenga utando ndani.

Niliambiwa, lakini. Mwaka mmoja tuliletewa binti wa mafunzo kwa vitendo. Alikuwa mpole, anasema shikamoo hata kwa mlinzi aliyemzidi umri kidogo tu. Siku hiyo nilikuwa nimeshajaza chupa ya kwanza, nafungua kifuniko cha ya pili.

“Mzee, samahani. Hii ya metali nayo tunasubiri maji yawe baridi?”

“Ndivyo inavyochukuliwa.”

“Chuoni mwalimu alituambia ya risasi inachukuliwa asubuhi, yale maji ya kwanza, kabla mtu hajafungulia.”

“Mwanangu, chuoni wanasema mengi. Huku kazini tuna utaratibu.”

“Sawa, Mzee.”

Hakurudia. Mimi ndiye niliyerudia, kila nilipokwenda shuleni pale. Na mafunzo yake yalipokwisha, kwenye daftari lake, penye maoni ya msimamizi, niliandika kwamba ana bidii ila anapenda kubishana.

Kilichonizindua hakikuwa dhamiri. Ilikuwa semina, pamoja na posho yake, na mkufunzi aliyetusimulia habari za Flint, mji wa watu karibu 100,000 katika jimbo la Michigan, Marekani. Aprili 2014, ili kubana matumizi, mji huo uliacha kununua maji ya Detroit ukaanza kuvuta maji ya Mto Flint. Maji ya mto yalikuwa makali kwa mabomba, na hayakutiwa dawa ya fosfeti inayojenga utando ndani ya bomba ili metali isiliwe. Utando wa zamani ukabanduka, risasi ikaingia majini. Oktoba mwaka huohuo kiwanda cha injini cha General Motors kiliacha kutumia maji hayo kwa sababu yalikuwa yanakula vipuri. Watu wakaendelea kuyanywa mwaka mzima zaidi.

Mkufunzi alipofika kwenye sampuli nilikaa wima. Wakazi waliopewa chupa waliagizwa wafungulie maji kwa dakika kadhaa kwanza, ndipo wayaache yalale usiku. Mabomba yalikuwa yamesafishwa kabla ya mtihani. Kisha, mwaka 2015, kati ya sampuli 71 zilizokusanywa, mbili ziliondolewa kwenye hesabu, moja ikiwa ya nyumba ya LeeAnne Walters, mama aliyekuwa ameanza kupiga kelele. Zikabaki 69, na jibu la mji likashuka kutoka juu ya kikomo cha mikrogramu 15 kwa lita hadi 11. Kwenye karatasi, Flint ilikuwa imefaulu.

Kanuni ya Marekani ya risasi na shaba, ya mwaka 1991, haitazami wastani. Unapanga majibu ya nyumba zote kutoka dogo hadi kubwa, unahesabu mpaka ufike asilimia 90, unasoma jibu lililo hapo. Likizidi 15, mamlaka inalazimika kuchukua hatua. Maana yake nyumba moja katika kila kumi inaweza kuwa na risasi ya kutisha na mji ukabaki umefaulu. Maana yake pia kwamba kwa sampuli chache namna ile, kuondoa mbili tu kunaweza kuugeuza mji mzima. Oktoba 2024 serikali ya huko ilitangaza kanuni ya kushusha kikomo hadi 10 na kuyang'oa karibu mabomba yote ya risasi ndani ya miaka 10. Lakini mezani pale sikufikiria namba. Nilikuwa namfikiria yule binti na daftari lake.

Profesa Marc Edwards wa Virginia Tech na wanafunzi wake walifanya jambo rahisi kiasi cha kukera. Waliwapelekea wakazi wa Flint chupa tatu. Ya kwanza ijazwe maji ya kwanza kabisa baada ya kulala, ya pili baada ya kutiririsha sekunde 45, ya tatu baada ya dakika 2. Zaidi ya vifurushi 250 vilirudi. Ukiwa na chupa tatu unaiona sumu inakotoka: ikijaa ya kwanza, shuku koki, ikijaa ya pili, shuku bomba la kuingilia nyumbani. Chupa yangu mimi, miaka yote, ilikuwa ile ya tatu peke yake.

Niliporudi kazini nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kufika Jumatatu alfajiri kabla ya kengele. Shuleni maji hulala kuanzia Ijumaa mchana, jambo ambalo kwa mtu wa fani yangu lilipaswa kuwa la kwanza kufikiriwa. Mlinzi alinifungulia geti akiwa bado na blanketi mabegani. Sikuwasha moto, sikufuta koki. Nilikinga chupa ya lita moja chini ya koki iliyo karibu na darasa la kwanza, nikafungulia taratibu. Maji yalikuwa ya vuguvugu kidogo, meupe, hayana harufu. Niliyaangalia kwa mwanga wa simu. Yalikuwa maji ya kupendeza. Kisha nikajaza ya pili baada ya sekunde 45 na ya tatu baada ya dakika 2.

Majibu yalirudi: chupa ya kwanza mara tatu ya kikomo, ya pili chini ya kikomo, ya tatu mashine haikuona kitu. Ile ya tatu ndiyo niliyokuwa nikiisainia.

Kikomo chenyewe, katika kiwango cha pamoja cha Afrika Mashariki, EAS 12, ni miligramu 0.01 kwa lita, sawa na mikrogramu 10. Nilizoea kuitaja namba hiyo mbele ya madiwani kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni, chini yake uzima, juu yake kifo. Sivyo. Shirika la Afya Duniani liliishusha kutoka 50 mwaka 1993, na hadi leo linaiita ya muda, likieleza wazi kwamba haikuwekwa kwa kuwa ni salama. Iliwekwa kwa kuwa ndiyo inayowezekana kufikiwa na kupimika. Kwa risasi hakuna kiasi kinachojulikana kuwa hakina madhara kwa mtoto. Huathiri ubongo unaokua, na mtoto hanyooshi mkono kusema anaumwa. Mtoto mchanga wa maziwa ya kopo yuko hatarini zaidi, maana karibu chakula chake chote ni maji. Na kuchemsha, ambako sisi watu wa maji tumekuhubiri mpaka kila nyumba imeelewa, hakuondoi risasi. Maji hupungua kwa mvuke, risasi hubaki sufuriani.

Nilipeleka majibu kwa mkubwa wangu. Ni mtu mzuri, na alichosema kilikuwa kweli tupu: “Cheti hakikusema uongo. Maji yaliyopimwa yalikuwa salama.”

Sentensi hiyo ilinifariji kwa muda, hata nikaitafutia wenzake. Nikaukuta mkasa wa Bangladesh. Tangu miaka ya 1970 mamilioni ya visima vya pampu vilichimbwa huko ili watu waachane na maji ya madimbwi yaliyokuwa yakiwaua watoto kwa kuhara. Vijidudu vikapungua, lakini chini ya ardhi mlikuwa na aseniki ya asili ambayo hakuna aliyeipima. Mwaka 1992 wataalamu wa jiolojia kutoka Uingereza walipima maji ya visima kadhaa, wakaorodhesha madini mengi, aseniki haikuwamo kwenye orodha. Mkazi mmoja aliyekwisha kuugua aliishtaki taasisi iliyokuwa na dhamana juu ya wataalamu hao, kesi ikafika Baraza la Malordi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya mwisho huko wakati huo, nalo mwaka 2006 likaamua kwamba hawakuwa na wajibu kwake. Ripoti ilisema walichopima, haikuahidi wasichopima. Kisheria sina la kubisha. Nilisoma uamuzi huo nikahisi mzigo umepungua, kisha nikakumbuka mwalimu mkuu alikibandika cheti changu wapi: ukutani, juu ya koki za kunywea, ili wazazi wakione.

Mama mwenye nyumba hasomi cheti kama wakili. Anasoma neno moja, salama, basi anakinga ndoo. Nilijua anakisoma hivyo. Ndiyo maana nasema sikuwa na haki ya kusaini, hata kama kila namba ilikuwa sahihi.

Kurekebisha kulikuwa kugumu kuliko nilivyodhani. Ushauri wa vitabuni ni mwepesi: kila asubuhi fungulia maji yaliyolala yaende zake, ndipo unywe. Mwalimu mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani.

“Bwana maji, dakika mbili kwa koki zote hizi, kila siku ya Mungu. Bili nitakuletea wewe?”

Alikuwa na haki. Mji wetu una mgao. Kuna wiki maji yanafika shuleni mara mbili, na kuna mtaa ng'ambo ya barabara ambako ndoo inanunuliwa. Kumwambia mtu wa namna hiyo amwage maji meupe ni kumtukana. Akina mama wa huku wanajua kumwaga maji ya kwanza, wala hawakungoja semina. Mgao ukirudi yanatoka mekundu kwa kutu, wanayamwaga au wanafulia matambara ya jikoni. Lakini kutu inajitangaza. Risasi haina rangi. Na mgao wenyewe unaharibu hesabu zote za vitabuni, maana kanuni za kulaza maji kwa saa sita kabla ya kupima ziliandikwa kwa bomba lenye maji usiku na mchana. Bomba linalokauka siku tatu likajaa tena, likatulia, likasukumwa na upepo, maji yake ya kwanza ni yapi? Nimewauliza wajuzi kuliko mimi, kila mmoja akanijibu lake.

Tulichofanya ni hiki. Maji ya alfajiri yakaanza kukingwa kwenye mapipa, yakatumika kupigia deki na kumwagilia miche. Koki za kunywea zikapunguzwa zikabaki mbili, zinazotumika muda wote ili maji yasilale. Kamati ya wazazi ikachanga, zile za dhahabu zikang'olewa, zikafungwa za plastiki ambazo fundi wa mtaani alizidharau waziwazi. Nilipopima tena, chupa ya kwanza na ya tatu zilikaribiana. Furaha yangu haikudumu. Nilipoziona koki zilizong'olewa kwenye gunia pale stoo nikauliza zinakwenda wapi, nikaambiwa zimeshapata mnunuzi. Nilizinunua mimi. Ninazo bado, sijui pa kuzitupa.

Nilimtafuta yule binti kwa simu. Sasa yuko mkoa mwingine, ana maabara yake ya kusimamia. Nilimweleza yote, pamoja na maneno ya kwenye daftari. Alinyamaza kidogo, akasema, “Mzee, hata mimi nilirudi nyumbani nikadhani nimekosea.” Hilo sikulitegemea. Nilidhani nilikuwa nimemnyima alama; kumbe nilimfanya alitilie shaka jambo alilokuwa nalo sahihi.

Mzazi mmoja alinisimamisha sokoni baada ya habari kuenea. Mwanawe alimaliza darasa la saba pale miaka iliyotangulia, kusoma kulimshinda. Akaniuliza kama ni maji. Nilimweleza kwamba risasi haikai sana kwenye damu, nusu yake huondoka kwa kama mwezi hivi, na sehemu kubwa ya inayobaki mwilini huhamia mifupani ikakaa miaka mingi. Kipimo cha damu leo hakiwezi kueleza alichokunywa wakati ule. Ambacho kingeweza kueleza ni chupa ya maji ya wakati ule, na sikuijaza. Hakunitukana. Alinitazama, akaniuliza kama mdogo wa mwanawe huyo aendelee kusoma pale. Nikamwambia koki zimebadilishwa, nikamwambia saa niliyochukua sampuli ya mwisho, nikamwambia aje ofisini nimwonyeshe karatasi zote tatu za majibu. Alikuja, akakaa nazo muda mrefu.

Fomu yetu ya sampuli ina nafasi ya tarehe, jina la kituo, joto la maji na saini. Haina nafasi ya kuandika maji yalilala muda gani kabla ya kukingwa. Siku hizi naandika pembeni kwa kalamu: yalilala tangu Ijumaa saa 8 mchana, au yalitiririka dakika 2. Karani anayeichapa huyafuta maneno hayo, ananiambia mfumo hauyapokei, nami huyaandika upya kwa mkono kwenye nakala inayokwenda kituoni. Orodha ya vituo vingine nilivyopima kwa chupa ya tatu nimeikabidhi kwa maandishi, pamoja na ile miezi ambayo tindikali ilikuwa imeisha na kisanduku kikawekwa alama. Baadhi vimepimwa upya. Vilivyobaki vinangoja bajeti, na kila Jumatatu ninayoweza naanza na kimoja kwa pikipiki yangu.